Nimetoa betri ya kiwandani kwenye pikapu, nimeweka kubwa zaidi: uzoefu wangu wa baridi ya Njombe

Naanza na jibu, maana anayetafuta habari za betri mara nyingi gari lake halijawaka. Nimetoa betri iliyokuja na gari, 80D26L, nikaweka 105D31L ya maji (maana ya hizo namba nitaieleza mbele), na sirudi nilikotoka. Imenigharimu laki tatu na ushee baada ya kurudisha ile ya zamani dukani. Baridi ya Juni na Julai imepita juu yake na stata haijanisumbua hata asubuhi moja. Malalamiko ninayo mawili matatu, nayo nitayasema.

Gari ni pikapu ya dizeli ya kebini mbili, nilinunua mpya, ni ya zile zinazounganishwa Thailand. Jina lake naliacha, kwa sababu nimeshaona jambo hili hili kwenye pikapu za majirani ambazo hazifanani na yangu hata nembo. Kazi yake ni viazi na mbolea: Uwemba kwenda mjini, na mara moja moja Makambako. Wasioijua Njombe waelewe kwamba mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na katikati ya mwaka kuna alfajiri ambazo kioo cha mbele unakikwangua kwanza ndipo uone barabara.

Dalili zilianza kidogo kidogo. Nikifungua swichi, ile taa ya njano yenye umbo la springi, ya kupasha moto injini, inawaka na kuzimika kama kawaida. Nikipiga stata, injini inazunguka kinyonge, mizunguko miwili mizito, taa za dashibodi zinafifia, halafu ndiyo inashika. Mchana hakuna shida kabisa. Gari likikaa wiki bila kutembea, haliwaki mpaka tulibusti kwa waya. Nikampigia wakala aliyeniuzia, akaniambia betri bado nzima, nitembeze gari mara kwa mara. Gari la biashara nilitembeze kwa ajili ya kuchaji betri, na dizeli bei hii!

Nikampelekea fundi umeme wangu, kijana mmoja ambaye namwamini kwa sababu moja: hagusi spana kabla ya kutoa mita. Alinitaka nimwachie gari lilale kwake, alipime alfajiri likiwa baridi. Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.2. Kwa betri ya risasi ya volti 12 hiyo ni kama nusu ya chaji. Iliyojaa husoma 12.6 au 12.7. Akaniambia nipige stata yeye akiwa ameshikilia waya za mita kwenye vichwa vya betri. Namba ikaporomoka hadi 8.9, ikapanda. Mafundi wengi wanataka isishuke chini ya 9.6 hivi. Injini ilipowaka, mita ikasimama 14.2, yaani alteneta inachaji vizuri na haina kosa.

Hapo wengi wangeishia, wanunue betri. Yeye akazima kila kitu, akafunga milango, akasubiri kompyuta za gari zilale, ndipo akapima umeme unaovuja gari likiwa limezimwa. Miliampia 70. Kiwango kinachovumilika ni kama 50. Mla umeme alikuwa kile kifaa cha GPS cha kufuatilia gari, nilichofungiwa kwa sababu ya bima. Akapiga hesabu kwenye simu: miliampia 70 kwa siku ni karibu ampia-saa 1.7, kwa wiki ni kama 12. Betri yangu yote, ikiwa mpya na imejaa, ilikuwa na 68.

"Dada, hii betri siyo kwamba ni mbovu sana," akasema. "Imezeeka kidogo, na toka mwanzo ilikuwa ndogo kwa kazi yako. Ukiweka ya saizi ileile, mwakani tutaonana tena hapa."

Maneno hayo ndiyo yaliyoniuzia betri, siyo tangazo lolote. Kiwanda kinafunga betri inayotosha kuwasha gari jipya kwenye nchi nyingi kwa wakati mmoja, nyepesi kidogo na nafuu kidogo. Hakikujua habari za GPS, wala spika alizoongeza mdogo wangu, wala taa za nyuma ninazowasha tukipakia viazi usiku huku injini imezimwa. Halafu kuna safari yenyewe. Gari linapanda meli, linakaa bandarini, linakaa yadi ya wakala, na muda wote huo betri inajimaliza yenyewe polepole. Ikikaa na chaji ndogo muda mrefu, sahani zake za risasi zinaota chumvi ngumu ambayo haiondoki yote hata ukichaji usiku kucha. Tarehe iliyochongwa kwenye betri yangu ilikuwa nyuma ya tarehe ya kadi ya gari kwa zaidi ya mwaka. Na joto la pwani nalo halisaidii: betri huzeeka kwenye joto, baridi inakuja tu kuianika hadharani. Ndiyo maana gari linawaka vizuri Dar es Salaam, likifika Njombe linakataa, na watu wanailaumu Njombe.

Sasa hizo namba, kwa sababu dukani ndiko watu wanakopigwa. Kwenye 80D26L, 80 ya mwanzo ni daraja la nguvu, ikizidi ni bora. D ni upana na urefu wa kwenda juu wa sanduku. 26 ni urefu wa sanduku kwa sentimita. L ya mwisho, au R, inakuambia vichwa vimekaa upande gani, na hii usiibahatishe: ukichukua R badala ya L, waya wa chanya haufiki, na fundi mwenye haraka atauvuta mpaka ufike pasipotakiwa. Kutoka 80D26L kwenda 105D31L, herufi zote zimebaki zilezile, kwa hiyo upana ni uleule na vichwa viko upande uleule. Kilichoongezeka ni sentimita tano za urefu na nguvu. Fundi alipima kitako cha betri kwa futi kabla hatujaenda dukani. Kiwanda kilikuwa kimeacha nafasi ya D31 tayari, hadi alama ya kizuizi chake ipo. Nafasi wameweka, betri wameibania.

Angalia pia namba ya CCA kwenye lebo. Hizo ni ampia ambazo betri mpya inaweza kutoa kwa sekunde 30 ikiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, bila kushuka chini ya volti 7.2. Njombe hatufiki huko, lakini injini ya dizeli ina mgandamizo mkubwa na oili ya alfajiri ni nzito, kwa hiyo kila ampia ina kazi. Ya zamani iliandikwa 580, mpya inaandikwa 730.

Dukani nilikuta mzee mmoja anayeuza betri tangu zamani, nikamwamkia, nikamwambia nataka 105D31L. Akanitolea moja inayong'aa, kifuniko kimefungwa kabisa, ile wanayoita haihitaji matunzo. Nikaomba mita. Ilisoma 12.3. Betri mpya ikisoma chini ya 12.4 imekaa rafuni muda mrefu, mimi siichukui hata nikipunguziwa. Mzee hakukasirika. "Mwanangu umekuja umejiandaa," akasema, akaingia ndani akaleta nyingine yenye vifuniko sita vya kufungua kwa sarafu, tarehe yake ya miezi ya karibuni, inasoma 12.7. Hiyo ndiyo niliyonunua.

Kuhusu aina hizo mbili nina msimamo wangu. Iliyofungwa ni safi, haichafui, na kama gari lako ni la ofisini mjini, nunua. Kwa gari linalopanda na kushuka kati ya baridi ya huku na joto la bondeni, naitaka ile ninayoweza kufungua nikaona. Maji yakishuka chini ya alama naongeza maji yaliyosafishwa ya betri, siyo ya bomba na siyo asidi. Ni kazi ya dakika chache, na nimeshaifanya.

Betri ya zamani aliipima kwa kilo akaniondolea kwenye bei. Risasi ina soko, ndiyo maana utasikia watu wanapita mitaani wakinunua betri mbovu. Mimi naona heri ibaki dukani kuliko kumpa mtu anayekwenda kumwaga asidi kwenye mfereji nyuma ya nyumba ili abaki na vyuma. Omba na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, siku hiyohiyo. Dhamana yangu ni ya mwaka mmoja, na bila risiti ni maneno matupu.

Kufunga hakukuchukua muda. Waya wa hasi unatoka wa kwanza na unarudi wa mwisho, ili spana ikiteleza ikagusa bodi pasitokee cheche. Vibanio vya waya vilikuwa vimeota unga wa kijani na mweupe. Fundi alitaka kumwagia soda ya kunywa, kama wanavyofanya wengi, nikamkatalia. Tulichukua magadi, yaleyale ya kulainishia maharage, tukayakoroga kwenye maji ya moto. Ukimwaga kwenye ule unga unasikia inachemka shaaa, povu linapanda, ukisugua kwa mswaki wa zamani chuma kinabaki cheupe. Suuza, kausha, kaza, halafu paka grisi kwa juu. Vibanio peke yake vilikuwa vinakula umeme. Kama hela ya betri haijapatikana, anza na hapo, kuna watu betri zao zimepona kwa magadi tu.

Matokeo. Alfajiri ya baridi, gari limelala nje, betri inasoma 12.6. Nikipiga stata inashuka hadi 10.5 tu, na injini inashika kabla sijamaliza kusema bismillahi. Taa za dashibodi hazififii. Kuna kipindi nilisafiri, gari likakaa zaidi ya wiki, GPS ikiwa bado inakula kama kawaida yake. Nikarudi, nikawasha, likawaka. Nilichosikia zaidi ni kimya cha stata: ule mkoromo mzito haupo, inakata kwa haraka kama ya gari la petroli.

Niseme wazi, betri kubwa haijazuia uvujaji. Imenipa tu akiba kubwa ya kuvujisha. Kwa hiyo baadaye nilimrudia aliyefunga GPS akabadilisha mpangilio wake, gari likiwa limesimama kifaa kinalala na kuamka mara chache. Uvujaji sasa uko chini ya 50. Ningekuwa na hela ya jambo moja tu, ningeanza na kipimo cha uvujaji, kwa sababu ni bei ya soda mbili, na bila hicho unaweza kumaliza betri tatu ukidhani unauziwa feki.

Malalamiko sasa. Kwanza uzito: ile ya zamani niliweza kuinyanyua mwenyewe, hii ni kilo ishirini na kitu na kishikio chake ni cha plastiki nyembamba ambacho sikiamini. Pili, kile chuma cha kubana betri kwa juu kilikuwa kifupi kwa sanduku jipya. Fundi alinitengenezea kingine kwa mchomelea vyuma wa jirani, nikalipa pembeni. Usikubali kufungiwa kwa mpira wa baiskeli. Barabara zetu za vumbi zitaitingisha mpaka sahani za ndani zivunjike, na dhamana haigusi hilo. Tatu, umeme ulipokatika wakati wa kubadilisha betri, gari lilisahau saa, stesheni zote za redio, na kioo cha dereva kikaacha kupanda chenyewe kwa mguso mmoja. Kioo kilirudi baada ya kukipandisha hadi juu na kuendelea kushikilia kitufe sekunde chache. Redio ndiyo iliyonikera.

Nyota nne kati ya tano, moja nimeikata kwa kishikio na kwa hicho chuma cha kubana.

Wenye pikapu mpya zinazojizima zenyewe kwenye foleni na kujiwasha, msininakili. Hizo zinatumia betri za aina ya EFB au AGM, zilizotengenezwa kuvumilia kuwashwa mara nyingi, na nyingine lazima kompyuta iambiwe kwamba betri imebadilishwa. Ukiweka ya kawaida kama yangu itakufa mapema, hata iwe kubwa namna gani. Angalieni lebo ya betri iliyomo sasa kabla hamjatoka nyumbani, ipigeni picha, na muende na hiyo picha dukani.