Mfuko wa mbuna mchanganyiko: nafuu dukani, ugomvi nyumbani

Upande wa siklidi, maduka ya samaki wa mapambo yana bidhaa moja isiyokaa rafuni: mfuko wa mbuna mchanganyiko, yaani siklidi wadogo wa kwenye mawe ya Ziwa Nyasa (Ziwa Malawi). Vifaranga kumi hadi kumi na wawili wa sentimita 3 au 4, rangi za kila namna, majina hakuna. Ukiuliza unaambiwa, "Hawa wote wa Malawi, wanaishi pamoja." Kwamba wametoka Ziwa Nyasa ni kweli. Kwamba wanaishi pamoja, ziwani ndiyo. Kwenye tangi la sentimita 80 sebuleni wanaishi pamoja mpaka wa kwanza akomae. Tunaupa nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za rangi.

Tatizo liko kwa wawili ambao karibu kila mfuko unao. Wa kwanza ni Melanochromis auratus, yule wa njano mwenye mistari myeusi ya ulalo, mmoja wapo ukipita kwenye pezi la mgongoni. Ndiye anayeuza mfuko mzima kwa uzuri wake. Akiwa dume, anapokua rangi inageuka kinyume: mwili unakuwa mweusi na mistari inabaki ya buluu au njano. Hapo anaanza kufukuza kila kitu, hata samaki waliomzidi ukubwa. Wa pili ni Metriaclima lombardoi, anayeitwa kenyi. Vifaranga wote ni wa buluu yenye mistari ya wima, majike hubaki hivyo, madume hugeuka njano. Mnunuzi hudhani kuna samaki mgeni kaingia tangini, kumbe ni yule yule wa buluu, sasa ana eneo lake na hataki jirani.

Ugomvi huu si ukorofi wa bure. Dume la mbuna hulinda jiwe, kwa sababu juu yake kuna mwani anaoula na mbele yake ndipo jike anapokuja kutaga. Anayefukuzwa kuliko wote ni yule anayefanana naye kwa rangi na umbo, maana ndiye mshindani wa kweli wa majike. Ziwani aliyeshindwa huogelea mita chache na mambo yanaisha. Tangini anagonga kioo. Kwa hiyo swali la kuuliza dukani si "ni mpole?" bali "anafanana na nani niliye naye?"

Kwa tangi la sentimita 120 kwa 45 kwa 45, yaani lita 240 hivi kabla ya mawe, tungeacha mfuko na kununua aina tatu, kila moja kwa kundi lake. Labidochromis caeruleus wa njano, sita. Iodotropheus sprengerae, wa rangi ya kutu inayoelekea zambarau, sita; hauzwi sana kwa sababu akiwa mdogo hana mvuto, lakini ni miongoni mwa mbuna watulivu kabisa. Na acei, wa buluu mwenye mkia wa njano, sita. Huyu hupenda kukaa juu, hivyo hagombanii mawe na wenzake. Katika kila aina lenga dume mmoja kwa majike watatu au wanne, ili jike mmoja asisumbuliwe peke yake mchana kutwa. Jinsia ya vifaranga haionekani, basi nunua wanane wa kila aina, uje kupunguza madume wakianza kujionyesha.

Labido wa njano mwangalie vizuri kabla ya kulipa. Akiwa na mistari hafifu ya wima ubavuni, mara nyingi ni chotara wa zebra, mbuna mwingine mkali, na ukali wa zebra anao. Usimchanganye pia na Chindongo saulosi: majike wa saulosi nao ni wa njano, madume watawachanganya, na utaishia na machotara wengine.

Wanaoishi Mwanza huenda wakauliza kuhusu furu wao, siklidi wadogo wa Ziwa Victoria. Yupo mmoja anayefaa: Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu mwaka 1985, dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa njano wenye mistari myeusi. (Jina la jenasi nalo ni Kiswahili chetu, punda milia.) Anaweza kukaa na labido na wa rangi ya kutu. Asikae na furu mwingine wa karibu naye kama Pundamilia pundamilia, kwa kuwa majike wao wanafanana mno na huchagua dume kwa rangi. Ziwa Victoria lenyewe, maji yanapochafuka mpaka rangi haionekani, aina hizi mbili huzaliana. Taa ya rangi moja tangini huleta matatizo yale yale, weka nyeupe.

Wa chini ya tangi ni ngogo, samaki wa jamii ya kambare. Synodontis multipunctatus wa Ziwa Tanganyika, wanne au watano pamoja, ndio chaguo letu, kwani ngozi yao ngumu na miiba yao huwafanya mbuna wachoke kuwasumbua. Ila ukitaka vifaranga wa mbuna, jua unachokaribisha: ngogo huyu hutupia mayai yake wakati mbuna wanataga, jike wa mbuna huyaokota mdomoni pamoja na yake, na vifaranga wa ngogo huanguliwa mapema na kuwala wenzao humo humo mdomoni. Kumhamisha tumia jagi, si wavu. Miiba ya mapezi hujifunga kwenye nyuzi, na kuitoa bila kumuumiza ni kazi ya nusu saa na mkasi.

"Msafisha tangi" mweusi anayeuzwa akiwa na sentimita 5 mwache dukani, anakua kupita sentimita 40. Oskari, goldfish, gapi na samaki malaika hawahusiki hapa kabisa. Tropheus, siklidi wa Kigoma, ni mla mwani kama mbuna, lakini anataka kundi kubwa la aina yake na tangi lake.

Kupanga: mawe yakae juu ya kioo cha chini kabla ya mchanga, si juu ya mchanga, kwa sababu mbuna huchimba na rundo litaanguka. Yafike karibu na uso wa maji. Ingiza wapole kwanza, wakali mwisho, wote wa ukubwa mmoja, na kamwe si mmoja mmoja. Siku ya kuongeza wageni zima taa, hamisha mawe yote ili hakuna mwenye nyumba, lisha wenyeji, kisha ndipo uwaachie.

Idadi kubwa hupunguza ukali kwa kuwa mkorofi hawezi kumwandama mmoja tu, lakini inadai chujio. Maji ya mbuna yana pH ya karibu 8, na hapo amonia ni sumu kuliko kwenye maji ya pH ndogo. Chujio la lita 1,500 hadi 2,000 kwa saa, na kubadilisha asilimia 40 ya maji kila wiki, ni kiwango cha chini kwa samaki 22. Chakula kiwe cha mwani wa spirulina, kidogo mara mbili kwa siku. Nyama ya ng'ombe huwavimbisha tumbo, na kinyesi cheupe kama uzi ndiyo dalili.

Akionekana mmoja kajibana juu nyuma ya hita, mkia umechanika, usimtoe yeye tu, mkorofi atachagua mwingine. Mtoe mkorofi kwa wiki moja, panga upya mawe, mrudishe usiku.

Na kama mfuko umeshaununua, usisubiri damu. Wakifika sentimita 6, auratus na kenyi watajulikana. Duka litakalokubali kuwachukua na kukupa labido wanne badala yake linastahili nyota ya tatu.