Miaka minne ya Uhandisi wa Mazingira Dodoma: nyota nne kati ya tano

Nilipoichagua kozi hii baada ya kidato cha sita, baba mdogo aliniuliza kama nitaajiriwa kupanda miti. Mama alidhani nakwenda kuwa bwana afya. Nimehitimu mwaka jana, na wadogo zangu wengi wanaomba vyuo msimu huu, kwa hiyo nawaeleza nilichokikuta.

Miti haimo. Kozi hii ni maji: kuyapata, kuyasafisha, kuyafikisha kwa watu na kuyapokea yakishachafuka. Taka ngumu na uchafuzi wa hewa vinafundishwa, lakini maji ndiyo yanayokula mihula. Mwaka wa kwanza ni hesabu, mekanika, michoro na kemia. Wenzetu waliotegemea kupita kwa kukariri walirudi Septemba kufanya sapu, yaani mitihani ya marudio.

Kuisomea Dodoma kuna faida yake. Mvua hapa ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na mji umetegemea kwa miaka mingi visima virefu vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora. Mwalimu wa hidrolojia alituonesha mchoro wa kina cha maji ya bonde hilo kwa zaidi ya miaka 50. Mstari unashuka taratibu mwaka baada ya mwaka, halafu unapanda ghafla baada ya mvua za El Niño za 1997/98, kisha unaanza kushuka tena. Jioni ile nilichota ndoo yangu mtaani Nkuhungu nikiwaza kwamba huenda maji yale yalinyesha kabla sijazaliwa.

Mwaka wa tatu tulikwenda kwenye mabwawa ya majitaka ya Swaswa. Maji yanatoka bwawa moja kwenda jingine, bakteria wanakula uchafu, mwani unawapa oksijeni mchana, na joto na jua vinaua vijidudu. Darasani ilikuwa fomula ndefu yenye nyuzijoto ndani yake. Pale kingoni niliona kwamba jua letu hili linalotuchoma ni mtambo usiolipiwa umeme.

Nyota niliyoikata ni ya maabara. Kipimo cha BOD, kinachoonesha bakteria wanatumia oksijeni kiasi gani kula uchafu ulio kwenye maji, kinataka sampuli ikae siku tano gizani kwenye inkubeta, kabati linalotunza joto lisibadilike, ya nyuzi 20. Siku ya tatu umeme ulikatika usiku, hakuna aliyewasha jenereta, na asubuhi chupa zetu zilikuwa na joto la chumba. Tulirudia wiki iliyofuata, ukakatika tena. Kundi letu lilikuwa na watu kumi na wawili kwa mashine moja. Mimi niliigusa mara mbili muhula mzima. Hilo liliniuma, maana ada ililipwa kwa kuuza alizeti ya nyumbani.

Fildi, yaani mafunzo ya vitendo nje ya chuo, ndiyo iliyonifanya nisijute. Nilipelekwa kijiji kimoja mkoani Singida, kupima visima. Kimoja kilisoma floridi, madini yanayoharibu meno yakizidi, miligramu 3.4 kwa lita, wakati kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Watoto wa pale walikuwa na meno ya kahawia. Bibi mmoja alinitazama nikiandika namba, akauliza, "Sasa mjukuu wangu, tukiyachemsha yatafaa?" Ilibidi nimwambie ukweli: kuchemsha hakuondoi floridi, maji yanapungua na yenyewe inabaki, kwa hiyo inazidi. Akanyamaza. Niliporudi chuoni niliacha mada yangu ya mradi wa mwisho, nikachukua chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao unaivuta floridi kweli. Miezi mitano nilinuka mifupa iliyochomwa, na sijawahi kusoma kwa moyo vile.

Kuhusu kazi: mamlaka za maji, RUWASA (wakala wa maji vijijini), migodi, na washauri wanaofanya tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya mwaka 2004. Nilisubiri miezi minane. Sasa nimesajiliwa Bodi ya Wahandisi kama mhandisi mhitimu, na kuna miaka mitatu ya mafunzo chini ya msimamizi kabla ya kuomba usajili kamili.

Kabla hujathibitisha nafasi, nenda chuoni uombe kuoneshwa maabara ya maji. Uliza jenereta iko wapi, na nani huiwasha usiku.