Studio iliyolitangaza gita langu kuwa limekufa

Nimesita kwa muda kuandika haya, kwa sababu kazi niliyotoka nayo katika studio hiyo ni nzuri na sipendi kumharibia mtu riziki yake. Hata hivyo, kila nikiusikiliza wimbo wetu nakumbuka jinsi fundi mkuu wa pale alivyolilaza gita langu kifudifudi mezani, akachukua bisibisi na kulifungua bila kuniomba ruhusa, mbele ya wenzangu wote wa bendi. Hilo sijalisamehe.

Tulikuwa tumelipia nusu siku. Nilikwenda na magita mawili ya besi: la zamani, ambalo ni pasivu na pikapu zake, yaani vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, hupeleka sauti kwenye waya bila msaada wa umeme wowote, na la pili, ambalo ni aktivu na lina priampu ndani, yaani kikuza sauti kidogo, inayotumia betri ya volti 9. Nyimbo zetu mbili zilihitaji sauti mbili tofauti. Nililieleza hilo siku ya kuweka nafasi, na nikalirudia tulipofika. Fundi aliitikia kwa kichwa huku akiangalia simu yake.

Tulianza na la pasivu. Alichomeka waya kwenye soketi ya laini, ile ya vifaa ambavyo sauti yake imekwisha kukuzwa, nyuma ya kiolesura cha sauti (mashine inayoingiza sauti kwenye kompyuta), na kilichotoka kwenye hedifoni kilikuwa sauti nzito iliyofifia, kama ya mtu anayezungumza akiwa amejifunika blanketi. Alipoongeza geini, yaani nguvu ya sauti inayoingia, mvumo ukapanda pamoja na noti. Akaniambia kwamba nyuzi zangu zimechakaa. Nyuzi hizo nilikuwa nimezibadilisha juma lililotangulia, na nilipomwambia hivyo akajibu kwamba basi nimeuziwa nyuzi mbovu.

Pikapu ya sumaku ni koili yenye maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba, na impidansi yake, yaani ukinzani wake kwa umeme wa sauti, huzidi kupanda kadiri sauti inavyokwenda juu. Ukiiunganisha na soketi ya laini, ambayo kwa kawaida huwa na impidansi ya kiloohmu 10 hadi 20 hivi, soketi hiyo huielemea, na zile sauti za juu zinazomwezesha msikilizaji kutambua kidole kinavyougusa uzi ndizo zinazopotea kwanza. Besi ya pasivu inahitaji soketi ya ala, yenye takriban megaohmu 1. Soketi hiyo ilikuwepo upande wa mbele wa mashine ileile, imechorwa alama ya gita, nami nilimwonyesha kwa kidole. "Ndugu yangu," akasema, "kazi yako wewe ni kupiga."

Nikanyamaza, na hadi leo najilaumu kwa kunyamaza. Tukahamia kwenye la aktivu, nikidhani kwamba hapo angalau hatutakwama, kwa kuwa priampu ya ndani hushusha impidansi kiasi kwamba hata soketi ya laini huweza kuipokea bila taabu. Akachomeka waya mwingine. Hakukusikika chochote. Akabonyeza hiki na kile, akazungusha geini hadi mwisho, kisha akatamka kwa sauti ya kusikika chumba kizima: "Hili gita limekufa." Hapo ndipo alipolifungua. Akachomoa betri, akaitupa kwenye ndoo ya taka, akaweka mpya, na bado kulikuwa kimya. Badala ya kujiuliza kama kosa liko kwingine, akasema kwamba priampu imeungua na kwamba magita ya namna yangu hayafai kuletwa studio.

Mimi nilikuwa nikiutazama waya. Plagi yake ilikuwa na mistari miwili myeusi, yaani ni plagi ya stereo, ile yenye sehemu tatu. Katika magita mengi ya aktivu, jeki, yaani tundu la kuchomekea waya, ndiyo swichi ya betri: plagi ya kawaida ya gita, yenye mstari mmoja, hugusanisha pete ya jeki na waya wa ardhi, na mzunguko wa betri ukafunga. Plagi ya stereo huzitenganisha sehemu hizo mbili, kwa hiyo betri hubaki haijaunganishwa hata ikiwa imetoka dukani asubuhi hiyo. Nililisema hilo mara mbili. Mara ya pili alinikata kauli na kuuliza kama ninataka kukaa kwenye kiti chake.

Aliyetuokoa ni kijana msaidizi, ambaye tangu asubuhi alikuwa akikunja nyaya pembeni. Fundi mkuu alipotoka kupokea simu, kijana huyo alinijia akaniuliza kwa adabu, "Kaka, hili lina betri na lile halina, sivyo?" Swali hilo moja ndilo nililokuwa nikilingojea kutoka kwa mtu mzima aliyechukua fedha zangu. Akaleta waya wa mono, wenye plagi ya mstari mmoja, na gita lililotangazwa kuwa limekufa likanguruma. Kisha akatoa maboksi mawili ya DI, yale ya kuunganisha ala na miksa: kwa besi ya aktivu akatumia lile la pasivu, lenye transfoma, na kwa besi ya pasivu akatumia lile la aktivu, linalopata umeme wa volti 48 kutoka kwenye miksa na lisiloielemea pikapu. Alipomaliza, nilisikia kwenye besi yangu ya zamani mkwaruzo wa kidole na mlio wa mti ambao sijawahi kuusikia katika rekodi yoyote niliyofanya.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kutoa nyota moja. Vifaa vyao ni vizuri mno kwa nyota moja, chumba kimetulia, na yule kijana anastahili tano peke yake. Kwa hiyo nilishafikia tatu. Kisha nimekumbuka kwamba fundi mkuu aliporudi akakuta gita linalia, alisema kwamba betri aliyoiweka ndiyo iliyofanya kazi, akaiandika kwenye hesabu yetu pamoja na saa nzima iliyopotea, na hakulitazama gita langu wala kunitazama mimi. Betri niliyokuja nayo ilikuwa nzima; niliiokota kwenye ndoo, na ndiyo inayotumika kwenye gita hilo hadi sasa. Natoa mbili. Nimewaandikia kuhusu ile saa moja, na bado naidai.