Minada ya Mtandaoni kwa Vyombo vya Nyumbani: Njia Nne kwa Mkazi wa Mwanza

Mkazi wa Mwanza anayetafuta friji, kabati au jiko la gesi kwa bei ya chini kuliko ya dukani halazimiki tena kuzunguka Makoroboi na Mlango Mmoja pekee, kwa kuwa bidhaa nyingi zilizotumika sasa hupigwa mnada kwenye simu. Njia za kununua kwa mtindo huo hazilingani kwa ubora. Nimezipanga kwa kuangalia umbali uliopo kati ya mnunuzi na bidhaa, kwa sababu bei ya mnada huonekana ndogo hadi zijumlishwe gharama za kukagua, kusafirisha na kutengeneza.

Nafasi ya kwanza nawapa madalali wenye leseni wanaotangaza mtandaoni mali zilizoko Mwanza kwenyewe, kama vile samani za hoteli inayokarabati vyumba, vifaa vya ofisi inayofungwa, au mali zilizokamatwa kwa ajili ya deni. Tangazo linaloaminika hutaja mahali mali ilipo na siku ya kuikagua, na siku hiyo haifai kukosa, kwa kuwa mali ya mnada huuzwa kama ilivyo na hairudishwi. Anayekwenda kutazama friji aende na fundi wake, aombe liwashwe, asikilize kompresa na ahakikishe kuwa mpira wa mlango unashika. Kwa maoni yangu, unafuu wa kweli uko kwenye vitanda na meza za hoteli: mbao nzito haina kompresa ya kufa wiki ijayo, na washindani wengi huipita wakikimbilia televisheni.

Kikomo cha dau kiwekwe kabla mnada haujaanza. Tuseme friji jipya la ukubwa unaoutaka linauzwa shilingi 600,000 dukani. Mimi nisingekubali lililotumika linigharimu zaidi ya nusu, yaani 300,000, na kutoka kwenye kiasi hicho ningetenga kwanza 25,000 za kirikuu hadi Buhongwa na 50,000 za fundi. Dau langu la mwisho lingekuwa 225,000, na lingepungua zaidi iwapo masharti yanataja ada ya dalali.

Nafasi ya pili ni makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook na Instagram, ambako muuzaji huweka picha, bei ya kuanzia na saa ya kufunga, kisha watu wakaandika dau zao. Faida yake ni kwamba bidhaa inaweza kuwa Nyakato, Igoma au Kirumba, nawe ukaifikia kwa bodaboda ukaiona. Udhaifu wake ni kwamba hakuna msimamizi, hivyo muuzaji anaweza kumtumia ndugu yake kupandisha dau. Ukipigiwa simu baada ya mnada kufungwa, ukaambiwa kuwa mshindi amekosa hela na sasa mzigo ni wako kwa bei uliyoitaja mwisho, una haki ya kurudi kwenye dau ulilokuwa nalo kabla mshindi huyo hajaingia. Usitume pesa ya kushikilia mzigo kwa M-Pesa wala Airtel Money. Lipa ukiwa umesimama mbele ya bidhaa, na udai risiti au hati ya mauziano, maana kukutwa na mali ya wizi ni balaa kubwa kuliko hasara.

Ya tatu ni minada ya Mamlaka ya Mapato Tanzania, inayouza bidhaa zilizokaa forodhani bila kuondolewa na wenyewe. Bidhaa nyingi za aina hiyo ziko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, na mara nyingi huuzwa kwa mafungu makubwa, kwa hiyo njia hii inakifaa zaidi kikundi cha majirani watakaogawana mzigo na nauli ya lori. Matangazo yathibitishwe kwenye tovuti rasmi, na malipo yafanyike kwa kumbukumbu namba ya serikali, kamwe si kwa namba ya simu ya mtu binafsi.

Minada ya nje, mfano eBay iliyoanzishwa Marekani mwaka 1995, naiweka mwisho. Mfumo wake ni mzuri: unaandika kiwango chako cha juu, nao unakupandishia dau kidogo kidogo. Hata hivyo, usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 humeza nafuu yote, na vifaa vya Marekani hutumia umeme wa volti 120, vya Japani volti 100, ilhali wetu ni volti 230. Ningeitumia kwa kitu kidogo tu kisichopatikana hapa, kama mota ya cherehani ya zamani, na ningeitafuta Uingereza, ambako umeme na plagi ni kama vyetu.