Baiskeli ya chuma isiyo na shokabu: tathmini kwa anayenunua ya kwanza

Kama hujawahi kumiliki baiskeli na fungu lako ni dogo, ushauri wangu ni huu: tafuta iliyotumika, yenye fremu ya chuma, tairi za inchi 26, breki za V (mikono miwili inayobana rimu kwa raba) na foku ngumu, yaani uma wa gurudumu la mbele usio na shokabu. Ndiyo niliyonayo. Naenda nayo kazini na kurudi, mvua na jua, na kwa kuwa imeshapita zaidi ya mwaka mmoja nina ya kuisema, mazuri na mabaya. Jina la kiwanda limefutika kwenye rangi, kwa hiyo sitathmini chapa. Natathmini aina, na aina hii imetengenezwa na viwanda vingi kwa miaka mingi kiasi kwamba huwezi kuikosa ukitafuta kwa subira.

Fedha ileile ingeninunulia mpya kabisa: shokabu mbele na nyuma, breki za diski, rangi mbili, na maandishi makubwa ya "gia 21". Niliijaribu. Ukikanyaga pedali kwa nguvu, inazama na kuinuka, inazama na kuinuka, na ile nguvu yako inaishia kwenye springi badala ya kufika kwenye gurudumu. Shokabu za bei ya chini huwa ni springi tupu, hazina kitu cha kuipunguzia kasi inaporudi, kwa hiyo ukipita kwenye shimo baiskeli inakurusha. Halafu kuna maungio ya fremu ya nyuma, ambako bushi zake, yaani pete ndogo za maungio, zikilika nyuma yote inaanza kuyumba, na kupata bushi za saizi hiyohiyo ni kazi. Uzito nao ni mkubwa. Si ajabu baiskeli ya namna hiyo kupita kilo 17.

Lakini jambo linalonisumbua zaidi silo hilo. Kiwanda kinapotengeneza baiskeli ya bei ndogo, kina kiasi fulani tu cha kutumia. Kikiweka shokabu mbili na diski, lazima kipunguze mahali, na mahali penyewe ni pale usipopaona dukani: gololi za magurudumu, ubora wa spoki, rimu, ekseli ya kati inayobeba pedali. Hivyo ndivyo vitu vinavyoamua kama baiskeli itafika mwaka wa pili. Foku ngumu haina cha kuharibika ndani yake, kwa sababu ndani hamna kitu.

Namba ya gia isikuvute. Yangu pia ni 21: gia za mbele zina meno 28, 38 na 48, za nyuma ni 7, kuanzia meno 14 hadi 28. Sasa piga hesabu. Ukiwa mbele 28 na nyuma 14, gurudumu linazunguka mara mbili kwa kila mzunguko wa pedali. Ukiwa mbele 48 na nyuma 24, ni mara mbili vilevile. Gia hizo mbili ni kitu kimoja, na zinazokaribiana namna hiyo ni nyingi. Kinachostahili kuulizwa ni gia nyepesi kabisa ina wepesi gani. Kwangu ni 28 kwa 28, yaani mzunguko mmoja wa pedali unanisogeza kama mita 2, na mlima wenye mwinuko mkali naupanda nimekaa. Baiskeli inayojivunia gia nyingi huku nyepesi yake ni nzito itakushusha uisukume.

Kipimo cha mwili ndicho kitu cha kwanza, na nasikitika kuona watu wanakiweka mwisho. Baiskeli nzuri isiyokutosha ni baiskeli mbaya kwako. Simama pekupeku mgongo ukutani, bana kitabu katikati ya mapaja juu kabisa kama vile umekaa kwenye kiti, kisha mtu akupimie kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Mimi nina sentimita 74. Zidisha kwa 0.883, unapata umbali wa kutoka katikati ya ile ekseli ya kati inayobeba pedali hadi juu ya kiti: kwangu ni kama 65. Hiyo ni hesabu ya kuanzia tu. Anayejifunza anaweza kushusha sentimita mbili tatu ili vidole viguse chini akisimama, kisha akapandisha polepole akishazoea. Njia nyingine isiyohitaji rula ni kukaa kitini na kuweka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki na mkunjo mdogo unaotakiwa.

Ukisimama umelipitisha bomba la juu la fremu katikati ya miguu, paache nafasi, walau vidole vitatu. Pasipokuwa na nafasi, iache hata kama bei inashawishi. Na usidanganyike kwamba fremu ndogo itatatuliwa kwa kuivuta nguzo ya kiti juu. Nguzo ina alama ya mwisho iliyochongwa, na alama hiyo haitakiwi kuonekana nje. Ikipita, fremu inaweza kupasuka hapo, au nguzo ikakatika nawe uko juu.

Nguzo hiyohiyo ina jaribio ambalo wauzaji wengi hawalitegemei: mwombe muuzaji ailegeze na kuisogeza juu na chini mbele yako. Nguzo ya alumini ikikaa miaka ndani ya fremu ya chuma bila grisi hushikana nayo kwa kutu, na ikishashikana hata fundi mwenye uzoefu anaweza kushindwa. Hapo umenunua baiskeli ya kimo cha mtu mwingine.

Kuikagua iliyotumika si uchawi. Inua gurudumu, lizungushe, tazama nafasi kati ya rimu na raba ya breki. Ikifinyika na kupanuka kidogo, fundi anazikaza spoki na mambo yanakwisha. Ikiruka juu na chini, rimu imepigwa. Shika gurudumu pembeni ulitikise: likigonga, gololi zimelegea au zimekwisha. Shika mikono ya pedali uitikise vilevile. Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma, sikiliza kama shingo ya usukani inagonga. Halafu inama uangalie chini ya bomba linaloshuka kutoka kwenye shingo. Rangi iliyokunjamana au kuvimba hapo maana yake iligonga kitu uso kwa uso, na hiyo usiichukue kwa bei yoyote.

Cheni ipime kwa rula ya inchi. Weka sifuri katikati ya pini moja. Kwenye inchi 12 inatakiwa kuwe na katikati ya pini nyingine. Ikizidi kwa milimita moja na nusu hivi, badilisha cheni. Ikizidi kwa milimita 3, meno ya nyuma nayo yameshaliwa na cheni mpya itakuwa inaruka juu yake, kwa hiyo bei ishushwe kufidia vyote viwili. Fundi wangu alifanya kipimo hiki kabla sijatoa hela, na peke yake kilitosha kubadilisha mazungumzo yetu na muuzaji.

Chukua na sumaku ndogo. Iweke kwenye rimu. Ikinasa, rimu ni ya chuma, na breki za raba kwenye rimu ya chuma iliyolowa karibu hazishiki kabisa. Rimu ya alumini hainasi. Hata hiyo, siku ya mvua breki za V zinahitaji mzunguko mmoja au miwili wa gurudumu kufuta maji ndipo zikamate, na hili ndilo lalamiko langu kubwa dhidi ya baiskeli yangu. Nimejizoesha kugusa breki mapema kidogo kabla ya makutano ili rimu ikauke. Hapa diski nzuri ingenishinda, nakiri bila kusita. Diski nzuri, lakini.

Uzito wake ni kama kilo 14, na kuipandisha ghorofani kila jioni si starehe. Tairi zilizokuja nayo zilikuwa na meno makubwa ya matopeni, zinavuma kwenye lami na kukuvuta nyuma. Nimezibadilisha na laini zenye upana wa inchi 1.75 na ikawa kana kwamba nimenunua baiskeli nyingine. Ukiwa na fedha ya badiliko moja tu, lifanye hilo. Na pampu upepo ukifuata namba ya PSI (kipimo cha shinikizo la upepo) iliyochapwa ubavuni mwa tairi. Baiskeli nyingi ninazosikia zikisemwa "nzito" zina njaa ya upepo tu.

Wenye mwili mkubwa waangalie nyuma kwa makini zaidi. Gia 7 za nyuma kwenye baiskeli za bei ndogo mara nyingi ni friwili, yaani fungu la meno linalofungwa kwa kuzungushwa kwenye habu (kitovu cha gurudumu), na muundo huo unaacha kipande kirefu cha ekseli upande wa cheni bila kushikiliwa. Chini ya mzigo mzito ekseli hupinda, na hatimaye hukatika. Muundo wa kaseti, ambao meno huvishwa juu ya habu, una gololi karibu na mwisho wa ekseli, hivyo unastahimili zaidi. Muulize fundi ipi ni ipi, atakuonyesha mara moja.

Usimalize fedha zote kwenye baiskeli. Tenga kama moja ya tano kwa ajili ya grisi, raba za breki, waya mpya, taa ya mbele na nyuma, kufuli, kofia ngumu, pampu na viraka. Spana namba 15 pia, ya pedali. Kumbuka pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha kinyume, na wapo walioharibu uzi wa skrubu kwenye mkono wa pedali kwa kutolijua hilo.

Siipendekezi kwa kila mtu. Anayetaka kushuka milima ya mawe anahitaji shokabu ya kweli, na shokabu ya kweli haiingii kwenye bajeti hii. Asubiri, aongeze fedha. Asiyeweza kuinua mguu kuruka bomba la juu, kwa sababu ya goti, nyonga au vazi, achukue fremu iliyoshuka katikati, sifa nyingine zibaki zilezile. Na ambaye safari zake zitakuwa ndefu kwenye lami tupu atafurahia zaidi tairi za 700C, kubwa kuliko za inchi 26, ambazo hushika mwendo vizuri zaidi. Akienda kununua asome namba ndogo ubavuni mwa tairi: 559 mwishoni ni inchi 26 kama yangu, 622 ni 700C. Tairi ya moja haiingii kwenye rimu ya nyingine, na mwenye duka akikwambia itaingia, mwambie aifunge kwanza hapohapo ukiona.