Geji ya kupimia kompresheni: ununue ipi kwanza

Injini ya gari la mtumba huoshwa ikang'aa kabla mnunuzi hajafika. Usiangalie mng'ao, pima hewa inayobanwa ndani ya silinda.

Kama pesa inatosha kifaa kimoja, chukua geji ya kukaza, ile ambayo mpira wake unafungwa kwenye tundu la plagi kama plagi yenyewe. Hiyo kwangu ni namba moja. Hakikisha boksi lina adapta ya milimita 14, maana ndiyo inayoingia kwenye Toyota nyingi tunazoendesha. Kagua na kivalvu kilicho mwishoni mwa mpira: kinafanana na cha tairi, ila springi yake ni laini. Kikifa ukaweka cha tairi, geji itasoma chini na utaikataa injini nzima bure.

Injini ya 1NZ-FE, ile ya IST na Probox, ikiwa na afya husoma karibu psi 213 (psi ni kipimo cha msukumo wa hewa). Ikishuka chini ya 156, au silinda zikipishana zaidi ya 14, kuna ugonjwa. Pima injini ikiwa moto, plagi zote nje, fyuzi ya pampu ya petroli imetolewa, betri ina nguvu, na pedeli ya mafuta imekanyagwa hadi chini.

Namba mbili ni geji ya kupima uvujaji. Inataka kompresa, ndiyo maana haikushika nafasi ya kwanza, lakini ndiyo inayokuonyesha ugonjwa ulipo. Kuna IST niliyoipima, silinda tatu zikasoma 190 na ya pili 110. Nikatia kijiko cha oili, ambayo huziba kwa muda ringi za pistoni zilizochakaa; namba haikupanda, kwa hiyo ringi nikaziondolea lawama. Fundi akapandisha pistoni juu kabisa, valvu zote zimefunga, akaingiza hewa ya psi 100. Saa ya pili ya kifaa hicho, inayoonyesha hewa inayobaki ndani ya silinda, ikasimama kwenye 62, yaani asilimia 38 inatoroka. Nikatega sikio kwenye ekzosi: ssss. Valvu ya moshi imeungua. Upepo ungetokea mdomo wa kujazia oili, ni ringi. Mapovu kwenye rejeta, ni gasketi ya silinda hedi. Uvujaji chini ya asilimia 10 hauna neno. Ukizidi 20, piga hesabu ya kufungua injini.

Ya mwisho ni ya kubonyeza kwa mkono, yenye koni ya mpira. Ni rahisi na ya haraka, ila mkono ukilegea kidogo hewa inatoka, na plagi zilizozama ndani haizifikii vizuri. Mimi siwezi kununua gari kwa namba zake.

Mwenye dizeli asiguse geji ya petroli, nyingi mwisho wake ni psi 300 na dizeli nzima huzipita. Tafuta inayofika 1000.