PuzzleScript: pa kuanzia ukitaka kutunga levo zako mwenyewe

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni sana. Leo nachambua PuzzleScript, chombo cha kutengenezea gemu za mafumbo. Najua wengi wenu mmecheza gemu za kusukuma makasha tangu zama za simu za vitufe, na mtu akishacheza sana swali linakuja lenyewe: mimi nashindwa nini kutunga levo yangu, yaani ramani moja ya gemu yenye fumbo lake? Hushindwi kitu. Video hii ikiisha unaweza kuwa nayo moja.

Msimamo wangu nautoa mapema, ili anayeharakia aondoke na jibu. Kama hujawahi kutunga levo yoyote, anzia hapa. Achana kwanza na programu kubwa za 3D. Hapa hakuna taa za kupamba wala mhusika mwenye sura ya kuvutia. Kuna vigae vidogo, yaani viraba vinavyounda ramani, na fumbo lenyewe. Fumbo likiwa bovu, utaliona ubovu wake papo hapo, na utalirekebisha papo hapo. Kwa anayeanza sijaona chombo kinachofundisha haraka kuliko hiki.

Tuanze na bei, maana najua ndilo swali la kwanza. Ni bure. Mtunzi wa gemu Stephen Lavelle alikitoa mwaka 2013, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Hakuna kusakinisha: unaingia puzzlescript.net kwa brauza, unafungua kihariri, umeshaanza kazi. Ukurasa ukishafunguka, shughuli yote inafanyika ndani ya kompyuta yako, kwa hiyo bando halikusumbui, na laptopu kuukuu ya ofisini inatosha kabisa.

Haya, angalieni skrini. Kushoto ndiko tunakoandika. Kulia juu ni gemu yenyewe inacheza. Kulia chini kuna kisanduku cheusi ambamo mashine inakueleza makosa. Juu kuna orodha ya mifano, na mimi nachagua ule wa msingi, wa kusukuma makasha. Unatokana na ile gemu ya mtunza ghala, Sokoban, aliyoibuni Hiroyuki Imabayashi wa Japani na kampuni yake ya Thinking Rabbit ikaitoa mwaka 1982. Kanuni yake unaijua: sukuma makasha mpaka yakae kwenye alama. Kusukuma unaweza, kuvuta huwezi. Basi. Na kwa kanuni hiyo moja watu wanatunga mafumbo mpaka leo.

Sasa tazameni huyu mchezaji alivyochorwa, maana napenda sana hapa. Ni mraba wa nukta tano kwa tano. Namba sifuri ni rangi nyeusi, moja ni chungwa, mbili ni nyeupe, tatu ni buluu. Mstari wa kwanza namba sifuri mara tatu: nywele. Wa pili namba moja mara tatu: uso. Wa tatu namba mbili mara tano: shati, mikono imenyooka pembeni. Wa nne na wa tano ni suruali, na nukta iliyoachwa wazi katikati ya ule wa mwisho ndiyo inayotenganisha miguu. Mtu mzima kapatikana kwa tarakimu chache. Ukitaka avae kanzu, badilisha tarakimu. Ukitaka kasha liwe gunia la karafuu, ni hivyo hivyo. Lakini nawaomba, mkianza msikae hapa. Picha zinaweza kusubiri.

Shukeni mpaka chini kabisa, sehemu iliyoandikwa LEVELS. Levo ni ramani ya herufi. Alama ya reli ni ukuta, nukta ni sakafu, P ni mchezaji, nyota ni kasha, O kubwa ni mahali kasha linapotakiwa kukaa. Nafuta levo zilizomo, naandika hii yangu:

######
#O..##
#.*..#
#..P.#
######

Kila mstari una herufi sita. Hilo lizingatieni, ramani lazima iwe ya mstatili, mstari mmoja ukipungua herufi mashine inalalamika. Nabofya RUN, nacheza. Naweza kulisukuma kasha kushoto kwanza, kisha nizunguke chini yake nilipandishe. Limefika. Narudia, safari hii nalipandisha kwanza, kisha nalisukuma kushoto. Limefika vilevile. Hii levo inacheza, haina kosa lolote, lakini fumbo halimo. Kati ya njia hizo mbili, yoyote mtu atakayoanza nayo atashinda, kwa hiyo hatafikiri sana.

Sasa nabadilisha herufi moja. Kona ya chini kushoto, ile nukta ya kwanza ya mstari wa nne, naifanya ukuta:

######
#O..##
#.*..#
##.P.#
######

Cheza tena. Mchezaji anasimama chini kulia kwa kasha. Mkono unakimbilia kitu cha karibu: panda hatua moja, sukuma kushoto. Umeshakwama! Kasha limeganda ukutani, na ili ulipandishe ulitakiwa usimame chini yake, na chini yake sasa kuna ukuta. Vitufe viwili tu na levo imekufa. Unabonyeza Z kurudi nyuma, au R kuanza upya, ndipo unaanza kuitazama ramani kwa macho mengine. Kumbe inabidi uende kushoto, upande juu na kasha, uende kulia, upande juu, ndipo usukume kushoto. Hatua tano, na hakuna njia fupi zaidi ya hiyo.

Hapo ndipo kazi ya mtunzi ilipo. Herufi moja imeleta kishawishi, imeleta adhabu, na imeleta jambo la kugundua: usilipeleke kasha ukutani kabla hujajua utasimama wapi kulitoa. Anayeanza hudhani levo ngumu ni levo kubwa. Anajaza makasha kumi na mbili, vyumba sita, korido zinazozunguka, na mchezaji anachoka kabla hajaonja utamu wowote. Mimi nawasihi muanze na kasha moja. Likiwapa jambo la kugundua, ongezeni la pili, na hilo la pili liingie kwa sababu linalibana la kwanza. Kama linakaa pembeni lenyewe na halimgusi mwenzake, litoeni.

Ukitaka kuijaribu levo moja tu katikati ya nyingi, shikilia Ctrl na ubofye ndani ya ramani yake, inafunguka hiyo hiyo. Kipengele hiki kidogo kinaokoa muda mwingi mno, kwa sababu utunzi wa levo ni kubadilisha kigae, kucheza, kubadilisha tena. Kuna pia njia ya kuchora kwa kipanya: gemu ikiwa inacheza unafungua kihariri cha levo, unachagua kigae juu, bofya kushoto kuweka, bofya kulia kufuta, na ukibofya kwenye kingo ramani inaongezeka. Mimi nachora hivyo nikiwa bado natafuta umbo, halafu namalizia kwa herufi.

Tuje kwenye kitu kilichonifanya niupende mno mfumo huu, nacho ni kanuni. Gemu nzima ya kusukuma makasha imebebwa na mstari huu mmoja:

[ > Player | Crate ] -> [ > Player | > Crate ]

Usomeni taratibu. Upande wa kushoto wa mshale mkubwa ni hali iliyopo: mchezaji anaelekea kwenye kasha lililo jirani yake. Upande wa kulia ni kinachotokea: mchezaji anakwenda, na kasha nalo linakwenda upande ule ule. Sasa chini yake naongeza mstari mwingine:

[ < Player | Crate ] -> [ < Player | < Crate ]

Mchezaji akiliacha kasha na kwenda upande wa pili, kasha linamfuata. Tumempa uwezo wa kuvuta. Nirudi kwenye levo yetu, nikwamishe kasha kwa makusudi kama mwanzo. Tazameni: nalivuta tu, linatoka ukutani. Ule mtego niliojivunia dakika mbili zilizopita haupo tena. Lakini kuna matatizo mapya yamezaliwa, kwa sababu sasa kasha linakufuata hata pale usipotaka, na inabidi ujifunze kumponyoka kwa kukata kona. Levo zile zile, mstari mmoja, gemu nyingine kabisa. Ndiyo maana hata watunzi wazoefu wanakuja hapa kujaribu mawazo. A Good Snowman Is Hard To Build ya mwaka 2015, gemu inayouzwa kabisa, ilianza kama jaribio ndani ya PuzzleScript.

Na hili nilitilie mkazo kwa wenzangu wa Kiswahili. Kati ya levo na levo unaweza kuweka ujumbe: unaandika neno message na maneno yako, basi. Andika kwa Kiswahili, yanaonekana vizuri bila shida yoyote. Msimulie mchezaji kwamba yuko bohari la bandarini, au anapanga madawati kabla mwalimu hajaingia. Gemu zenye maneno yetu ni chache mno, na hapa hakuna anayekuzuia.

Haya, kasoro. Zipo, na nyingine zinauma.

Simu: sahau. Gemu iliyokamilika inachezeka kwenye simu kwa kutelezesha kidole, lakini kuitunga kwa kibodi ya simu ni mateso. Unahitaji kompyuta. Kwa vijana wengi hicho ndicho kikwazo chenyewe, na sitaki kukipitia juu juu. Kama huna, tungia kwenye daftari la hesabu lenye vile viraba: chora levo kwa penseli, tumia vipande vya karatasi kama makasha, uisukume mezani. Ukipata kompyuta ya shule au ya rafiki kwa nusu saa, unakuwa na ramani tayari za kuingiza.

Hifadhi: ukibofya SAVE, kazi inabaki ndani ya brauza ile ile. Mtu akisafisha data za brauza, imekwenda. Kwenye kompyuta ya kushirikiana hii ni hatari tupu. Nakili maandishi yako yote ubandike kwenye faili la kawaida, au ujitumie kwa barua pepe, kila unapoinuka kitini. Hali kadhalika ile levo uliyochora kwa kipanya haijiandiki yenyewe kwenye maandishi yako. Inabidi uiamuru ichapwe kwenye kile kisanduku cheusi, kisha uinakili na kuibandika chini ya LEVELS.

Lugha: amri zote na taarifa za makosa ni za Kiingereza. Kwa kutunga levo pekee hazikusumbui, maana unashughulika na alama. Ukiingia kwenye kanuni, hapo utahitaji kusoma maelezo, na yamepangwa vizuri ila kwa Kiingereza.

Na kubwa zaidi: mashine haikuambii kama levo yako inatatulika. Ukiweka alama tatu na makasha mawili, itakubali kimya kimya, na mchezaji atahangaika bure. Kwa hiyo kila levo lazima uimalize mwenyewe mwanzo hadi mwisho kabla hujampa mtu, na ukishahariri hata kigae kimoja, unaimaliza upya. Halafu mpe mdogo wako au jirani acheze, ukae nyuma yake, ufunge mdomo. Usimwelekeze. Angalia anasita wapi, anabonyeza R wapi, na hasa angalia kama kuna njia ya mkato ambayo hukuikusudia. Wachezaji wanaipata, na kwa kasi. Usikasirike ukiiona. Wakati mwingine ile njia ni nzuri kuliko wazo lako, na inafaa uijengee levo yake.

Washindani wake je? Portal 2, gemu ya mafumbo ya 3D, ina kihariri kizuri sana, watengenezaji wake Valve walikitoa bure kwa wenye gemu hiyo Mei 2012, unaburuta kuta na mitambo kwa kipanya na kusambaza kupitia Steam, duka la gemu la mtandaoni. Lakini lazima uwe na gemu, uwe na kompyuta yenye nguvu, na nafasi ya kutosha kwenye diski. Baba Is You ya Arvi Teikari kutoka Ufini iliongezewa kihariri Novemba 2021, na kwangu ndiyo hatua nzuri inayofuata, kwa sababu humo kanuni zenyewe ni vigae unavyovisukuma. Ukiwa na hela ya kuinunua na umeshatunga levo kadhaa hapa, nenda huko bila kusita. Ukiwa unataka hadithi ndefu, sauti za wahusika na mandhari, PuzzleScript haitakufaa, na wala haijifanyi kuwa hivyo.

Ukimaliza, bofya EXPORT, unapata faili moja la HTML lenye gemu yako nzima. Unaweza kulipakia itch.io, tovuti ya kuwekea gemu, bila malipo na kuwatumia watu kiungo. Mimi ninawapa kazi: chukueni ile levo yangu ya pili, muongeze kasha moja na alama moja, bila kupanua kuta, na bado itatulike. Bandikeni ramani zenu kwenye maoni hapo chini, nitazicheza zote.